Kariakoo au Guangzhou: Nani Abebe Hatari ya Mzigo Kudoda?

Kwa miaka kadhaa sasa wenye maduka madogo ya nguo jijini Dar es Salaam wamekuwa wakipewa ushauri uleule katika semina za ujasiriamali, katika makundi ya WhatsApp na katika video za watu wanaouza huduma ya kuagiza bidhaa: achana na Kariakoo, agiza mwenyewe China. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleweka. Gauni linalouzwa Kariakoo kwa bei ya jumla limetoka kiwandani kwa bei ya chini zaidi, tofauti iliyopo inaishia mikononi mwa mtu wa kati, na ukimruka huyo tofauti inakuwa yako. Wanaopinga ushauri huo husema kwamba mwenye mtaji mdogo anayetuma fedha zake zote ng'ambo amezizika, na kwamba wengi wanaosifia kuagiza wanaishi kwa kamisheni za mizigo ya wenzao. Kila upande una mifano ya kutosha, kwa sababu kuna maduka ya Sinza na Kinondoni yaliyosimama kwa mzigo wa China, na kuna fremu zilizofungwa kwa sababu ya mzigo huohuo wa China.

Kwa maoni yangu, mjadala huu umekaa mno kwenye bei ya kununulia. Bei ya kununulia ni muhimu, lakini kwa duka lenye fremu moja na muuzaji mmoja maswali mazito ni mengine mawili: fedha zinakaa nje kwa muda gani kabla ya kurudi, na mzigo ukidoda unamdodea nani. Ukiyaweka maswali hayo mbele, Kariakoo inaonekana nafuu kuliko inavyosemwa, na Guangzhou, mji wa China wenye masoko makubwa ya jumla ya nguo, inaonekana na faida ambazo hata wanaoipigia debe hawazitaji sana.

Tuanze na Kariakoo, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa bila kueleweka vizuri. Biashara kubwa ya nguo haiko ndani ya lile jengo la soko lililoungua Julai 2021, bali katika maghorofa ya mitaa inayolizunguka, kama Kongo, Msimbazi, Aggrey, Narung'ombe na Mchikichi, ambako wanunuzi kutoka mikoani, Zambia, Malawi, Komoro na Kongo hupishana ngazini na mwenye butiki wa Tabata. Mwenye duka la jumla pale ameshalipa kiwandani au kwa wakala, ameshasubiri meli, ameshamalizana na forodha na ameshapanga stoo. Anapokuuzia dazeni moja anakuuzia pia kazi yote hiyo. La muhimu zaidi, anakuuzia haki ya kurudi wiki ijayo ukachukua dazeni nyingine ya kilekile kilichotembea, na kuacha kabisa kile ambacho wateja wako hawakukigusa. Mtindo ambao mji mzima umeukataa unabaki stoo kwake, si kwako.

Haki hiyo ina mipaka yake, na mipaka inaonekana pale dazeni inapofunguliwa. Kijana wa dukani anachana nailoni kwa wembe, anazitandaza gauni juu ya meza, na mnunuzi anaziona rangi: nyeusi tatu, maruni tatu, kijani mbili, na nne za rangi ya haradali. Anaomba abadilishiwe zile za haradali apewe nyeusi, anajibiwa, "Hatuchagui rangi, dada, dazeni ni dazeni." Wakati huo huo yeye anajua kwamba nyeusi zitaisha kabla ya Jumapili na kwamba haradali zitaning'inia ukutani hadi jua la kioo cha dirisha lizipaushe. Saizi nazo hufungwa kwa mpango wa muuzaji, si wa mnunuzi, na katika nguo nyingi za China zilizoandikwa XL, mwanamke mwenye nyonga za kawaida za huku huenea kwa shida. Kwa hiyo hata Kariakoo hatari ya kudoda haikosi, ila imekatwa vipande vidogo, na kila kipande kina ukomo wa dazeni moja.

Kuna pia mali kauli, yaani utaratibu wa mwenye duka la jumla kumkabidhi mteja anayemwamini mzigo bila malipo, akauze kwanza kisha alete fedha. Hakuna mkataba wala riba iliyoandikwa, ingawa bei ya mali kauli mara nyingi huwa juu kidogo kuliko bei ya taslimu, na mteja akichelewesha fedha mara mbili mlango unafungwa na habari zake zinaenea mtaa mzima. Kwa mwanamke asiye na hati ya nyumba ya kuweka dhamana benki, huo ndio mkopo wake wa biashara. Wanaopiga hesabu ya kumruka mtu wa kati huwa hawaingizi mkopo huo kwenye hesabu, na hapo ndipo wanapompotosha anayewasikiliza.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja ambayo watetezi wa Kariakoo hawana jibu zuri kwayo. Nguo ya Kariakoo iko kwa kila mtu. Gauni lililoingia Jumatatu linaweza kuonekana kufikia Jumatano kwenye maduka ya Mwenge, Mbagala na Kimara, na kabla ya hapo limeshawekwa mtandaoni na mawinga, wale vijana wasio na duka wala mzigo ambao hupiga picha nguo za watu, huzitangaza kwa bei yao, na mteja akilipa ndipo hupanda ghorofani kuzichukua. Winga halipi kodi ya fremu, kwa hiyo anaweza kuridhika na faida ya shilingi 3,000 kwa nguo ambayo butiki inahitaji faida ya 15,000 ili imudu kodi ya pango ya miezi sita iliyolipwa kwa mkupuo. Mteja anasimama ndani ya butiki, anaipenda nguo, anaipekua kwenye simu, na anaondoka. Zamani mwenye butiki alilipwa kwa sababu yeye alikuwa na muda na macho ya kuchagua, na mteja hakuwa navyo. Picha ya simu imemwonyesha mteja nguo zile zile alizochagua mwenye butiki pamoja na bei ya chini, na kazi ya macho imekosa malipo.

Hapa ndipo Guangzhou inapokuwa na mvuto wa kweli, na mvuto huo si bei ya chini peke yake. Mwenye duka aliyeleta mtindo ambao hakuna mwingine mjini aliyeuleta anaweza kuuza kwa bei yake. Katika masoko ya jumla ya mji ule, kama Baima na maduka ya barabara ya Zhanxi karibu na kituo cha treni, au Shahe ambako nguo ni za bei ya chini na ubora unapishana sana, mitindo inabadilika kwa kasi ambayo hakuna duka la jumla la Dar es Salaam linaloweza kuifuata, kwa kuwa wenye maduka ya Kariakoo huchukua kinachouzika kwa wengi na kuacha cha wachache. Butiki inaishi kwa hao wachache. Mwenye wateja wa maofisini wanaotaka suti za kike za rangi tulivu, au wateja wa saizi kubwa ambao Kariakoo inawapa kona moja ya duka, ana sababu ya kuvuka bahari ambayo muuza magauni ya kawaida hana.

Namna ya kununua nayo imebadilika. Zamani ilibidi mfanyabiashara apate viza, apande ndege na akae wiki moja au mbili akizunguka masokoni. China ilipofunga mipaka yake mwaka 2020, ikaifungua tena Januari 2023, karibu miaka mitatu ilipita ambamo wengi walilazimika kununua kupitia mawakala waliokuwa kule, kwa picha na video za simu, au kupitia mtandao wa 1688, soko la jumla la kampuni ya Alibaba linaloendeshwa kwa Kichina kwa ajili ya wanunuzi wa ndani ya China. Wakala hulipa kwa niaba yako, hupokea vifurushi ghalani kwake, hukagua ikiwa mlikubaliana akague, na hutuma kwa ndege kwa hesabu ya kilo au kwa meli kwa hesabu ya ujazo. Utaratibu huu umebaki hata baada ya mipaka kufunguliwa, na ndio uliowafungulia mlango watu wenye milioni mbili au tatu ambao tiketi ya ndege ingekula sehemu kubwa ya mtaji wao.

Lakini nguo ni bidhaa ya kushikwa. Mnunuzi mzoefu akiwa sokoni huipindua nguo nje ndani kabla ya kuuliza bei: anatazama kama mishono ya kwapani imefungwa kingo au imeachwa ichanuke, anavuta zipu juu na chini mara mbili tatu, anakinyosha kitambaa kuona kama kinarudi, anakiinua kwenye taa kuona kama kinahitaji gaguro, na anakisugua kwa kidole chenye unyevu kuona kama kinachuja rangi. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo linaloweza kufanywa kwenye picha. Muuzaji wa mtandaoni anaonyesha gauni alilovaa mwanamitindo chini ya taa za studio, na kinachofika Dar es Salaam baada ya miezi miwili ni kitu chenye mkato uleule na kitambaa kingine kabisa. Kukirudisha haiwezekani kwa maana yoyote ya kibiashara, kwa sababu nauli ya kurudisha inazidi thamani ya mzigo.

Suala la kodi na nyaraka ndilo linalopitwa haraka kuliko yote katika semina, nami naliona ndilo lenye uzito mkubwa. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umekuwa na kiwango cha juu cha asilimia 35 kwa bidhaa zilizokamilika ambazo nchi wanachama zinataka kuzilinda, nguo zikiwemo. Juu ya hapo Tanzania inatoza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Mzigo wenye thamani ya shilingi 100,000, nauli na bima zikiwa ndani, ukitozwa viwango hivyo unafika 135,000 baada ya ushuru na 159,300 baada ya VAT, kabla ya tozo nyingine za bandarini na malipo ya wakala wa forodha. Anayepewa bei ya kiwandani kwenye video haambiwi hesabu hii. Badala yake, wasafirishaji wanaochanganya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja humtajia bei moja kwa kilo au kwa ujazo, "kila kitu ndani", naye hufurahi kwa kuwa imerahisisha maisha.

Urahisi huo una gharama yake. Kontena linaingia kwa jina la msafirishaji, na mwenye butiki anapokea mabunda yake bila hati ya forodha yenye jina lake. Siku afisa wa kodi akiuliza mzigo ulioko dukani umeingiaje na ulinunuliwa kwa kiasi gani, hana cha kuonyesha, na makadirio ya mapato yake yanaweza kufanywa bila gharama zake kutambuliwa. Migogoro ya namna hii si ya kufikirika. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakayafunga tena Juni 2024, na madai yao yalihusu kodi, utitiri wa ukaguzi na namna mizigo inavyofuatiliwa, kiasi kwamba mwaka 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilazimika kwenda kukutana nao hadharani. Ikiwa wauzaji wa jumla wenye wahasibu na mawakala wanahangaika na nyaraka, si busara kumwambia mwenye fremu moja kwamba kuagiza ni suala la kuwa na simu na uthubutu. Kwa upande wa pili, risiti ya mashine ya kodi ya EFD ya Kariakoo, kwa yule anayeidai na kupewa, inamaliza swali hilo papo hapo. Anayekubali kununua bila risiti ili apunguziwe bei amejitoa mwenyewe kwenye faida hiyo.

Tuchukue sasa mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi kufuatilia, tukiacha pembeni kodi ya fremu na mshahara kwa kuwa vipo pande zote mbili. Mwenye butiki wa kwanza ananunua Kariakoo dazeni tatu za magauni kila baada ya wiki mbili, kila gauni kwa 25,000, jumla 900,000. Anauza 30 kwa 40,000 na sita zilizobaki anazitoa kwa bei aliyonunulia. Anapata 1,350,000, yaani faida ya 450,000 kwa mzunguko. Katika miezi minne, ambayo ni mizunguko minane, faida yake ni 3,600,000. Wa pili anatuma milioni tatu China, na magauni 200 yanamfikia dukani kwa 15,000 kila moja, gharama zote zikiwa ndani. Anasubiri miezi miwili, kisha anauza kwa miezi miwili: 150 kwa 40,000, 30 kwa 20,000, na 20 yanadoda kabisa. Anapata 6,600,000, na faida yake katika miezi hiyo minne ni 3,600,000.

Faida zinalingana hadi shilingi ya mwisho, ingawa nimempendelea kidogo wa pili kwa kumpa mauzo ya kasi zaidi kwa wiki. Lakini wa kwanza alihitaji 900,000 na wa pili alihitaji milioni tatu, na kwa miezi miwili ya kwanza huyo wa pili hakuwa na chochote cha kutundika dukani. Huu ndio mtego unaowafunga wengi. Faida kwa kila gauni imepanda kutoka 15,000 hadi 25,000, na mwenye duka anaiona kwa macho kila anapouza, ilhali kasi ya mzunguko wa fedha, ambayo haionekani kwa macho, imeanguka.

Sasa tumpe huyu wa pili milioni sita badala ya tatu. Mzigo mmoja uko baharini wakati mwingine uko dukani, na kila miezi miwili anaingiza faida ya 3,600,000, maana yake 7,200,000 katika miezi minne, mara mbili ya mwenzake wa Kariakoo. Kama mtindo wake haupatikani kwingine na anaweza kuuza kwa 50,000 badala ya 40,000, pengo linazidi kupanuka. Kwa hiyo anayesema kuagiza kunalipa hasemi uongo. Anazungumza kutoka upande wa mtu mwenye mtaji wa mizigo miwili. Anayesema kuagiza kumemfilisi naye hasemi uongo, kwa sababu aliingia na mtaji wa mzigo mmoja, tena mara nyingine ukiwa wa mkopo wa kausha damu unaodai marejesho kila wiki wakati mzigo bado uko Guangzhou. Kati ya hao wawili hakuna tofauti ya akili wala bidii. Kinachowatenganisha ni milioni tatu, na hilo halisemwi kwenye semina, labda kwa kuwa lingepunguza idadi ya wanaolipa kiingilio.

Kalenda nayo ina neno lake. Mauzo makubwa ya butiki nyingi za Pwani yako kwenye wiki za mwisho za Ramadhani na kwenye Desemba. Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na Mwaka Mpya wa Kichina unacheza kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Mwaka 2024 na 2025 kulikuwa na takriban miezi miwili kati ya Mwaka Mpya huo na Idi-el-Fitri. Katika kalenda ya 2026 Mwaka Mpya wa Kichina ni 17 Februari, na Idi inafuata baada ya mwezi mmoja tu; mwaka 2027 pengo ni hilohilo. Viwanda na masoko ya China husimama kwa wiki kadhaa kuzunguka sikukuu hiyo, na meli peke yake inaweza kuchukua mwezi au zaidi kufika bandari ya Dar es Salaam. Maana yake nguo za Idi za miaka hiyo lazima zichaguliwe na kulipiwa mwezi Desemba, wakati fedha za mwenye duka bado ziko kwenye mzigo wa Krismasi. Atakayechelewa atalazimika kutumia ndege, ambayo inavumilika kwa gauni jepesi la gramu 300 na haivumiliki kwa jinzi ya gramu 700, au atarudi Kariakoo pamoja na kila mtu. Wauzaji wa jumla, wenye mitaji ya kukaa na mzigo miezi minne, ndio watakaofaidika na msongamano huo wa kalenda.

China si chimbuko pekee. Wenye butiki za bei ya juu kidogo hupendelea Uturuki, hasa maeneo ya Laleli na Merter jijini Istanbul, kwa sababu mkato wa Kituruki unawaenea vizuri zaidi wanawake wa huku na kwa sababu nguo huuzwa kwa pakiti za saizi zinazofuatana, kwa hiyo mwenye duka anapata mfululizo kamili wa mtindo mmoja bila kulazimika kununua mamia. Hata hivyo mfumuko mkubwa wa bei uliolikumba taifa hilo tangu mwishoni mwa 2021 umepandisha gharama za viwanda vyake, na unafuu wa zamani umepungua. Abaya na madera ya hadhi huletwa kutoka Dubai, na wanaotaka mitindo ya ujana kwa idadi ndogo huenda Bangkok, katika eneo la Pratunam, ambako maduka mengi hukubali bei ya jumla kuanzia pisi tatu. Njia zote hizi hukutana na hesabu ileile ya forodha.

Mitumba inastahili kutajwa kwa sababu imejibu tatizo la kufanana kwa nguo bila mtu kuvuka mpaka. Butiki kadhaa za Dar es Salaam na Nairobi huuza mitumba iliyochaguliwa, ikafuliwa, ikapigwa pasi na kutundikwa kama mpya, na kila nguo ni moja tu, hakuna winga anayeweza kuipiga picha na kuileta nyingine. Anayenunua robota zima anabahatisha, kwa kuwa halifunguliwi kabla ya malipo, na robota baya halirudishwi. Anayekwenda alfajiri soko la Karume jijini Dar es Salaam au la Gikomba jijini Nairobi kuchagua moja moja analipa zaidi kwa kila nguo, ila hanunui takataka. Hapa tena uamuzi ni uleule: unalipa kidogo na kubeba hatari yote, au unalipa zaidi ili mwingine aibebe. Udhaifu wa mitumba ni saizi. Mteja akiipenda blauzi na isimwenee, mauzo yamekwisha, na muda wa kuamka saa kumi za usiku kila siku ya kufungua mabelo haumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Nikipima yote haya, naegemea upande wa Kariakoo kwa duka lolote ambalo halijamaliza mwaka mmoja na halijui kwa maandishi ni saizi zipi na rangi zipi zinazoisha kwanza. Daftari hilo ndilo linalompa mtu sifa ya kuagiza, kwa sababu wa Guangzhou anauliza idadi kwa kila saizi na hawezi kukusaidia kujibu. Kwa duka lenye kumbukumbu hizo na mtaji wa mizigo miwili, naona kuendelea kununua kila kitu Kariakoo ni kukubali kushindana na winga kwa bei, ushindani ambao mlipa kodi ya fremu hawezi kuushinda. Wengi wako katikati ya hali hizo mbili, na kwao linafaa jambo ambalo wenye maduka wachache wa mtaa mmoja hulifanya bila kelele: watatu au wanne huchanga fedha za mzigo mmoja, kila mmoja akachukua sehemu ya saizi na rangi, huku nguo za kawaida za kila siku wakiendelea kuzichukua Kariakoo kwa mali kauli. Mzigo ukidoda, unadoda kwa robo. Ugumu wa mpango huo ni kwamba watu wanne wa mtaa mmoja wenye nguo zinazofanana wanarudi kwenye tatizo la kufanana, hivyo ni vyema wachangaji wawe wa mitaa tofauti, jambo linalohitaji uaminifu ambao majirani wanao na watu wa mbali hawana.

Hali yenyewe inaendelea kusogea. Kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji kilichojengwa Ubungo kwa uwekezaji wa Kichina, chenye maduka zaidi ya 2,000, kilizinduliwa Agosti 2025, siku chache baada ya serikali kutoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja kwa masharti yaliyotajwa kwenye amri hiyo. Kama wauzaji wakubwa wataweka mzigo Ubungo kwa bei inayokaribia ya Guangzhou, subira ya meli itatoweka kwenye hesabu ya mwenye butiki na faida kubwa ya kuagiza itapungua. Kabla ya kuhama kutoka Kariakoo, hata hivyo, mwenye duka la Tabata atataka kujua kama pale watamfungulia nusu dazeni, kama watamtambua akirudi wiki inayofuata, na kama siku mtaji umekata watampa mzigo kwa kauli yake.